Serotonini: Safari Kutoka Tumboni Hadi Kichwani

Leo tunazungumza juu ya kitu kisichoonekana kwa macho, lakini kimo mwilini mwako wakati huu unaposoma. Kimo tumboni, kimo ndani ya damu, na kimo kichwani. Jina lake ni serotonini.

Pengine umelisikia jina hili likitajwa kuwa ni "homoni ya furaha". Wapo wauzaji wanaopita sokoni na chupa za dawa, wakisema chupa moja itaongeza serotonini na kuondoa huzuni yote. Wapo pia wanaomwona mama aliyejifungua juzi akilia kila siku, wakamwambia ale ndizi atapona. Na wapo wanaosema hana ugonjwa wowote, ila ni mvivu, au amerogwa, au ana dhambi aliyoificha.

Mama huyo anapokosa kuelezwa ukweli, yeye huumia na mtoto wake huumia. Kwa hivyo leo tutaifuata serotonini tangu ilipogunduliwa. Ukijua ilipatikana wapi, inatengenezwa na nini na inasafiri vipi, utajua ni maneno gani ya kushika na ni yapi ya kuacha.

ILIGUNDULIWA KWANZA TUMBONI

Watu wengi hudhani serotonini iligunduliwa kwenye ubongo. La hasha. Iligunduliwa kwanza tumboni.

Katika miaka ya 1930, huko Pavia nchini Italia, kijana mmoja mtafiti aitwaye Vittorio Erspamer alikuwa akichunguza ngozi laini inayofunika tumbo na matumbo kwa ndani. Katika ngozi hiyo mna chembe chache zilizotawanyika katikati ya nyingine. Erspamer alitaka kujua chembe hizo zinatengeneza nini. Akachukua maji yaliyokamuliwa kutoka kwenye ngozi ya tumbo la sungura, akayajaribu juu ya vipande vya misuli ya wanyama, ukiwemo mfuko wa uzazi wa panya. Misuli ikajikaza.

Wenzake walidhani ni adrenalini, dawa ya mwili iliyokuwa inajulikana tayari. Erspamer alionyesha kwamba sivyo, kwa kuwa tabia zake zilikuwa tofauti. Mwaka 1937 alikipa kitu hicho jina la enteramini, maana yake kitu kinachotoka matumboni. Baadaye alikipata hata kwenye tezi za mate za pweza.

Kwa hivyo kazi ya kwanza ya serotonini iliyojulikana ni kukaza misuli. Hadi leo hiyo ni mojawapo ya kazi zake kubwa. Unapokula githeri au ugali, chakula hukandamiza ngozi ya utumbo. Chembe zile huhisi, nazo hutoa serotonini. Serotonini huamsha neva za utumbo, na utumbo hujikaza na kulegea, ukikisukuma chakula mbele. Zaidi ya sehemu 90 kati ya 100 za serotonini yote ya mwili hutengenezwa huko matumboni.

Hapa kuna jambo linalokuhusu wewe mwenye mtoto mdogo. Mtoto akipata virusi vya rota, au akila chakula chenye vijidudu, chembe zile hutoa serotonini kwa wingi. Neva hupeleka habari hadi kwenye ubongo, na mtoto hutapika. Utumbo nao humwaga maji, akaharisha. Mwili unajaribu kutoa uchafu, lakini unapoteza maji na chumvi kwa haraka, na hapo ndipo hatari ilipo. Mpe maji ya chumvichumvi ya ORS kidogo kidogo, endelea kumnyonyesha, na umpeleke kituo cha afya akapewe pia tembe za zinki. Chanjo ya virusi vya rota ilianza kutolewa nchini Kenya mwaka 2014. Hakikisha mtoto ameipata kwa tarehe zilizoandikwa katika kijitabu chake cha kliniki.

MARA YA PILI IKAPATIKANA KWENYE DAMU

Sasa tuvuke bahari twende Marekani, katika mji wa Cleveland. Huko daktari Irvine Page alikuwa akitafuta chanzo cha ugonjwa wa presha. Alikuwa na tatizo moja lililomsumbua. Kila damu ilipoganda, maji yanayobaki juu yake yalikuwa na kitu kinachobana mishipa. Kitu hicho kilimharibia majaribio yake. Akasema, kwanza tukijue kitu hiki ni nini, tuweze kukiondoa.

Kazi hiyo aliifanya pamoja na Maurice Rapport na mwanamke mwanasayansi aliyeitwa Arda Green. Walichukua damu ya ng'ombe kutoka kichinjioni, mamia ya lita, wakaisafisha hatua baada ya hatua hadi wakabaki na vipande vidogo mno vya kitu kilicho safi, uzito wa miligramu chache tu. Mwaka 1948 walitangaza habari zake na kukipa jina la serotonini. Jina hilo limeunganishwa na maneno mawili: maji ya damu, na kukaza. Mwaka 1949 Rapport alieleza jinsi kitu hicho kilivyoundwa.

Hapo dunia ikawa na majina mawili, enteramini ya Italia na serotonini ya Marekani. Mwaka 1952 Erspamer na mwenzake waliitambua enteramini yao, wakakuta ni kitu kilekile. Jina la serotonini ndilo lililobaki.

Je, serotonini ya matumbo inafikaje kwenye damu? Ile inayobaki baada ya kufanya kazi kwenye utumbo huingia katika mishipa midogo ya damu. Ikiachwa huru, ini na mapafu huivunja upesi, na mabaki yake hutoka na mkojo. Lakini kwenye damu zipo chembe ndogo sana ziitwazo chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda. Chembe hizi haziwezi kutengeneza serotonini. Kazi yao ni kama ya matatu. Hupita karibu na matumbo, huibeba serotonini, na huzunguka nayo mwili mzima.

Ukijikata kwa kisu unapokata sukuma wiki, chembe sahani hukimbilia pale na kushikana. Zikifika humwaga serotonini yao, na mshipa hujibana ili damu ipungue. Basi ndiyo sababu Page aliipata katika damu iliyoganda, kwa kuwa matatu zilikuwa zimeshateremsha abiria.

MARA YA TATU, KICHWANI

Aliyeipata kichwani alikuwa mwanamke kijana, Betty Twarog. Alipokuwa akisoma katika chuo kikuu cha Harvard, alichunguza kome, wale wa baharini wanaofunga magamba yao kwa nguvu. Alitaka kujua ni kitu gani kinaiambia misuli ya kome ilegee. Akakuta ni serotonini.

Twarog akawaza: ikiwa neva za kome zinatumia serotonini kupeleka ujumbe, huenda na ubongo wa wanyama wakubwa ukaitumia. Alikwenda Cleveland kwa Page, akapewa nafasi katika maabara. Mwaka 1953 yeye na Page walichapisha habari kwamba serotonini imo kwenye ubongo wa wanyama wanaonyonyesha.

Mwaka 1964, watafiti wawili wa Sweden, Annica Dahlström na Kjell Fuxe, walionyesha mahali hasa inapotoka. Walitumia njia inayofanya chembe zenye serotonini zing'ae chini ya darubini. Chembe hizo ni chache, nazo zimekusanyika kwenye shina la ubongo, pale ubongo unapokutana na uti wa mgongo. Lakini nyuzi zake zinaenea karibu kila pembe ya ubongo. Kwa hivyo serotonini inagusa mambo mengi: usingizi, hamu ya kula, maumivu, joto la mwili, hasira na huzuni. Hata dawa ya mwili inayotusaidia kupata usingizi usiku, iitwayo melatonini, hutengenezwa kutokana na serotonini.

INATENGENEZWA NA NINI?

Mwili hutengeneza serotonini kutokana na sehemu moja ya protini iitwayo triptofani. Mwili wenyewe hauwezi kutengeneza triptofani. Ni lazima uipate kwenye chakula.

Triptofani ilijulikana kabla ya serotonini. Mwaka 1901 Frederick Gowland Hopkins na mwenzake, huko Cambridge nchini Uingereza, waliitenga kutoka kwenye protini ya maziwa. Mwaka 1906 Hopkins na Edith Willcock walifanya jaribio ambalo sisi tunaokula ugali tunapaswa kulijua. Waliwalisha panya kwa protini ya mahindi iitwayo zeini kama protini yao ya pekee. Panya wale hawakukua, na walikufa upesi. Walipoongezewa triptofani, waliishi muda mrefu zaidi, ingawa bado hawakukua. Protini ile ya mahindi haina triptofani.

Usiogope ugali, mama. Fundisho lake ni kwamba mahindi yanahitaji mwenzake. Nyanya zetu waliopika mahindi pamoja na maharagwe hawakuwa wamesoma vitabu vya Hopkins, lakini walifanya jambo la busara, kwa kuwa maharagwe yanaleta kile ambacho mahindi yana uhaba wake. Ndengu, kunde, njugu karanga, mayai, maziwa, omena na nyama pia zina triptofani. Mpe mtoto uji, lakini usimwachie uji wa mahindi mtupu kila siku.

Triptofani ikishafika ndani ya chembe, hubadilishwa kwa hatua mbili. Hatua ya kwanza inahitaji madini ya chuma. Hatua ya pili inahitaji vitamini B6. Ikishakuwa serotonini, huwekwa ndani ya vifuko vidogo, kama mbegu kwenye ghala, ikingoja kuitwa. Neva inapopata ujumbe, vifuko hufunguka na serotonini humwagika katika nafasi nyembamba iliyoko kati ya neva moja na nyingine. Neva ya pili huipokea habari. Kisha neva ya kwanza huivuta serotonini ile na kuirudisha ndani, ili itumike tena. Ile isiyohifadhiwa huvunjwa.

VIWANDA VIWILI NA UKUTA KATIKATI

Hapa ndipo penye jambo kubwa la leo. Serotonini ya matumbo haiingii kwenye ubongo. Mishipa ya damu ya ubongo ina ukuta mkali, kama lango lenye mlinzi. Triptofani inaruhusiwa kupita, ingawa lazima ipange foleni pamoja na sehemu nyingine za protini. Serotonini yenyewe hairuhusiwi. Ubongo unajitengenezea yake.

Mwaka 2003 watafiti huko Berlin, nchini Ujerumani, walilithibitisha jambo hili kwa namna ya ajabu. Waliondoa kwenye panya maelekezo ya urithi yanayowezesha kazi ya kutengeneza serotonini. Matumbo na damu ya panya wale zilibaki karibu bila serotonini. Lakini ubongo wao ulikuwa nayo karibu kama kawaida. Ndipo ilipogunduliwa kwamba mwili una maelekezo mawili tofauti, moja la matumbo na jingine la ubongo. Ni viwanda viwili, kila kimoja na meneja wake.

Sasa rudi kwa yule muuzaji wa chupa sokoni. Hata kama chupa yake ingekuwa na serotonini, isingepita lango la ubongo. Ndizi vilevile ina serotonini, lakini inaishia tumboni. Ndizi ni chakula kizuri, ila haiwezi kutibu ugonjwa wa huzuni. Chakula bora kinaupa mwili vifaa vya kazi. Hakichukui nafasi ya matibabu.

DAWA YA KIFUA KIKUU ILIYOFUNGUA MLANGO

Je, watu walijuaje kwamba dawa inaweza kusaidia huzuni? Walijua kwa bahati, katika wodi za kifua kikuu.

Mwaka 1952, katika hospitali ya Sea View mjini New York, wagonjwa wa kifua kikuu walijaribiwa dawa mbili mpya, isoniazidi na iproniazidi. Wagonjwa waliokuwa wamelala kwa muda mrefu walianza kula, kucheka na kutembea. Mapafu yalisaidika, lakini uchangamfu wao uliwashangaza hata madaktari. Mwaka huohuo Ernst Albert Zeller alionyesha kwamba iproniazidi huzuia kazi ya kuvunja vitu kama serotonini. Mwaka 1957 daktari Nathan Kline na wenzake walitoa habari za kuitumia kwa wagonjwa wa huzuni wasiokuwa na kifua kikuu. Baadaye iproniazidi iliondolewa katika nchi nyingi kwa sababu ilidhuru ini.

Isoniazidi yenyewe bado tunaitumia dhidi ya kifua kikuu. Ukipewa, utaona wengi hupewa pamoja na tembe za vitamini B6, kwa kuwa isoniazidi hupunguza vitamini hiyo mwilini na mtu huanza kuhisi ganzi au kuchomwachomwa miguuni na mikononi. Zimeze zote mbili kama ulivyoagizwa.

Baada ya hapo watafiti walitafuta dawa isiyo na hatari ya ile ya kwanza. Walijiuliza: badala ya kuzuia serotonini isivunjwe, kwa nini tusiizuie isirudishwe ndani haraka? Kutokana na swali hilo ikapatikana fluoksetini. Watafiti wa kampuni ya Eli Lilly waliandika habari zake mwaka 1974, na Marekani iliruhusu itumike mwezi wa Desemba 1987. Leo imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani.

KASANGATI NA MASWALI KUMI

Mwaka huohuo wa 1987 kulitokea jambo jingine, nalo lina mzizi hapa Afrika Mashariki. Katika miaka ya 1970 daktari Mwingereza John Cox alifanya kazi Uganda. Huko Kasangati, karibu na Kampala, alizungumza na wanawake wajawazito na waliojifungua. Aligundua kwamba huzuni kali ya baada ya kujifungua ipo hapa kwetu, haiko Ulaya tu kama wengine walivyodhani. Alisikia pia habari za amakiro, jina la Waganda la wazimu unaompata mama baada ya kujifungua. Watu waliamini kwamba unaletwa na uzinzi wakati wa mimba. Yaani mgonjwa alipata ugonjwa, na juu yake akapata lawama.

Cox aliporudi Uingereza, yeye na wenzake wawili walitunga orodha ya maswali kumi ya kumwuliza mama juu ya siku saba zilizopita. Ilichapishwa mwaka 1987 na inaitwa kwa jina la mji wa Edinburgh. Inauliza kama mama bado anaweza kucheka, kama anajilaumu bure, kama ana hofu isiyo na sababu, kama analia, kama amewahi kufikiria kujidhuru. Leo inatumika katika nchi nyingi. Maswali hayo peke yake hayathibitishi ugonjwa, lakini yanamfungulia mama mdomo.

Shirika la Afya Duniani linasema kwamba kati ya kila akina mama 100 waliojifungua duniani, karibu 13 hupata ugonjwa wa akili, hasa mfadhaiko, ambao wengi huuita dipresheni. Katika nchi zinazoendelea ni karibu 20 kati ya 100. Hebu fikiria benchi la kliniki ya watoto siku ya chanjo. Wakiwa wameketi akina mama watano, huenda mmoja wao anaumia kimya.

MAMBO YALIYOREKEBISHWA

Kwa miaka mingi watu walielezwa hivi: mwenye dipresheni amepungukiwa na serotonini, mpe dawa ijazwe. Maelezo haya yalikuwa mepesi kupita kiasi. Mwaka 2022 daktari Joanna Moncrieff wa London na wenzake walikusanya matokeo ya utafiti wa miaka mingi, wakasema hakuna ushahidi wa kutosha kwamba dipresheni husababishwa na upungufu wa serotonini. Na mwaka 2019 Marekani iliruhusu dawa ya kwanza iliyotengenezwa hasa kwa huzuni ya baada ya kujifungua, nayo inafanya kazi kwa njia nyingine isiyo ya serotonini.

Je, hii ina maana kwamba dawa hazisaidii? Hapana. Dawa za kundi la fluoksetini huwasaidia watu wengi, hasa wenye mfadhaiko mkali, ingawa hazimsaidii kila mtu. Panadol hupunguza maumivu ya kichwa, lakini kichwa hakiumi kwa sababu mwili umepungukiwa na Panadol. Ndivyo ilivyo hapa. Huzuni ya mama ina vyanzo vingi: mabadiliko ya homoni baada ya kujifungua, kukosa usingizi, njaa, madeni, kupigwa, upweke, kufiwa na mtoto, au ugonjwa unaopatikana katika ukoo. Tiba nayo haina budi kugusa zaidi ya kitu kimoja.

Kuzungumza nako ni tiba. Katika wilaya za Masaka na Rakai nchini Uganda, vijiji 30 viliingia katika utafiti. Katika baadhi ya vijiji watu wenye mfadhaiko walikutana kikundini kila wiki kwa wiki 16, wakiongozwa na wenyeji waliopewa mafunzo mafupi. Matokeo yalitolewa mwaka 2003. Waliokutana vikundini walipata nafuu kubwa kuliko wenzao ambao hawakukutana.

SASA UFANYE NINI?

Kulia na kuwa na moyo mwepesi siku chache baada ya kujifungua ni jambo la kawaida, na huisha lenyewe kabla ya wiki mbili. Lakini huzuni ikizidi wiki mbili, mama akikosa usingizi hata mtoto anapolala, akikosa hamu ya kula, akimwona mtoto kama mzigo au akijiona hana maana, aende kituo cha afya. Aseme wazi. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Ikiwa mama anasikia sauti zisizokuwepo, amechanganyikiwa, halali kabisa, au anafikiria kujidhuru au kumdhuru mtoto, asiachwe peke yake hata kidogo. Apelekwe hospitali siku hiyohiyo, awe usiku au mchana.

Akipewa dawa, ajue kwamba huchukua wiki mbili hadi nne au zaidi kabla ya kuleta nafuu. Asiziache ghafla, hata akijisikia vizuri, kwa kuwa anaweza kupata kizunguzungu, wasiwasi, au ugonjwa kurudi. Kama ananyonyesha, amwambie daktari. Zipo dawa zinazoweza kutumika wakati wa kunyonyesha, kwa hivyo asiache titi wala dawa kabla ya kuuliza.

Amwambie pia muuguzi dawa zote nyingine anazomeza, zikiwemo za mitishamba. Dawa ya maumivu iitwayo tramadoli, ikichanganywa na dawa hizi, inaweza kupandisha serotonini kupita kiasi, mtu akatetemeka, akatoka jasho, akapata homa na kuchanganyikiwa. Na kumbuka zile matatu za damu. Dawa zinazozuia neva isivute serotonini huzuia pia chembe sahani zisiibebe. Kwa hivyo anaweza kutokwa na damu kwa urahisi zaidi, hasa akimeza aspirini, brufeni au dikilofenaki. Akienda kujifungua, mkunga anapaswa kujua.

Na wewe baba, mama mkwe au jirani, una kazi yako. Mshike mtoto saa mbili mama alale. Mpikie. Msindikize kliniki. Usimwambie "jikaze", kwa sababu ameshajikaza hadi amechoka.

MAMBO YA KUKUMBUKA

1. Serotonini ilipatikana tumboni, kisha kwenye damu, kisha kwenye ubongo. Nyingi hutengenezwa matumboni.
2. Serotonini ya tumbo haiingii kwenye ubongo. Hakuna chupa wala tunda la kuipeleka huko.
3. Changanya mahindi na maharagwe, ndengu au omena, ili wewe na mtoto mpate protini kamili.
4. Huzuni inayozidi wiki mbili baada ya kujifungua ni ugonjwa. Si uvivu, si laana, wala si adhabu. Unatibika kwa mazungumzo, kwa msaada wa nyumbani na, inapohitajika, kwa dawa.

MASWALI YA KUJADILIANA KIKUNDINI

1. Katika kijiji chetu, watu husema nini juu ya mama anayelia baada ya kujifungua? Maneno hayo yanamsaidia au yanamwumiza?
2. Ni nani kati yetu atamtembelea mama aliyejifungua mwezi huu, na atabeba nini mkononi?

Mwulize mwenzio aliye karibu nawe: "Usiku ulilalaje?" Kisha ungoje akujibu.